Likizo ya marafiki, nusu jijini nusu kijijini: mwongozo kamili wa kuipanga isivunjike katikati

Likizo ya namna hii mara nyingi haiharibikii jijini wala kijijini. Huharibika siku ya kuhama, pale watu wamesimama nje ya hoteli na mabegi, gari lililokodiwa halitoshi, mmoja bado yuko dukani, na mwenye nyumba ya kijijini anapiga simu kuuliza mtafika saa ngapi. Pa pili pa kuharibikia ni kwenye pesa, wiki moja baada ya kurudi.

Wanaolalamika kwamba safari yao iliishia kwenye manung'uniko huwa walishapanga mambo mengine vizuri tu: hoteli nzuri, nyumba nzuri, picha nzuri. Kwa hiyo hapa tutakaa sana kwenye siku ya kuhama na kwenye hesabu, na mengine tutayapita haraka.

Mwongozo huu ni wa kundi la watu 4 hadi 8 wenye usiku 6 hadi 10. Mkiwa na usiku chini ya 5, chagueni sehemu moja. Kuhama kunakula karibu siku nzima, na siku moja kati ya nne ni gharama kubwa mno.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Jedwali moja la mtandaoni ambalo kila mtu anaweza kulifungua, lenye kurasa tatu: ratiba, malipo, namba muhimu.
- Kundi la ujumbe la safari hii pekee, tofauti na lile la kila siku la utani na video.
- Mratibu wa jiji na mratibu wa kijiji, watu wawili tofauti. Mmoja akibeba vyote atachoka kabla ya kuondoka.
- Mweka hazina, ambaye ni vizuri asiwe mratibu.
- Tarehe ya kumalizika kwa pasipoti ya kila mtu, kama mnavuka mpaka. Nchi nyingi hutaka iwe na uhai wa miezi 6 mbele.
- Leseni za wanaotaka kuendesha, na umri wao.
- Kadi ya benki ya mkopo yenye jina la dereva mkuu.
- Pawabenki (betri ya kuchajia simu). Kwenye ndege hubebwa mkononi tu, na kikomo cha kawaida bila kuomba kibali ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri). Ya mAh 20,000 ina takribani Wh 74, kwa hiyo haina shida.

Jambo moja dogo linalookoa ugomvi: andikeni saa zote kwa mfumo wa 24. Ukiandika "saa tatu" kwenye kundi, nusu watasoma 9:00 na nusu watasoma 3:00, na treni haisubiri tafsiri.

## Hatua ya 1: Uliza maswali matatu, faraghani

Mratibu amwandikie kila mtu pembeni, si kwenye kundi: Tarehe gani huwezi kabisa? Kiwango chako cha juu kabisa cha pesa, kila kitu kikiwemo, ni kipi? Kitu gani kimoja ukikikosa utaona safari haikuwa na maana?

Faragha ina sababu yake. Mbele ya wenzake mtu hutaja kiwango cha wenzake, kisha akafika safarini akianza kukwepa chakula cha pamoja. Pangeni kwa kufuata kiwango cha chini kuliko vyote. Wenye uwezo zaidi wataongeza vyao pembeni.

Mpe kila mtu siku 4 za kujibu. Asiyejibu, muulize mara moja tu, kisha endelea bila yeye. Hili linaonekana la ukali, lakini safari nyingi hufia hapa hapa, zikimsubiri mtu ambaye tangu mwanzo hakuwa na nia.

Umefanikiwa ukiwa na dirisha moja la tarehe, namba moja ya pesa, na orodha fupi ya vitu visivyokosekana. Angalia pia orodha hiyo imeelemea wapi: kama vitu vitano kati ya sita viko jijini, kijiji kipewe usiku mchache.

## Hatua ya 2: Hesabu usiku, usihesabu siku

"Siku tatu jijini" inaweza kumaanisha siku mbili na vipande. Usiku hauna utata huo. Andika usiku wote kwa mstari, kisha ukate mara moja.

Kwa usiku 7, mgawo ninaoupendelea ni 3 jijini na 4 kijijini. Jiji linachosha na linameza pesa. Baada ya siku ya tatu watu huanza kutembea kimya kimya. Kijiji nacho kinahitaji angalau usiku 3, maana siku ya kwanza mnafika mmechoka na ya mwisho mnafungasha.

Kata mara moja tu. Anayependekeza jiji, kijiji, ufukwe kisha jiji tena mwonyesheni idadi ya siku za kuhama. Mara nyingi atanyamaza mwenyewe.

## Hatua ya 3: Amueni kipi kitangulie

Pendekezo langu ni jiji kwanza. Watu hufika kwa saa tofauti, na jiji linalimudu hilo: usafiri upo hata usiku, na mapokezi ya hoteli nyingi hayafungwi. Nyumba ya kijijini yenye ufunguo mmoja haiwezi. Begi likipotelea uwanja wa ndege, ni rahisi kuletwa hoteli ya jijini kuliko nyumba iliyo mwisho wa njia ya vumbi. Zaidi ya hapo, aliyeshuka kwenye ndege ya usiku hafai kushika usukani kwa saa tatu kwenye barabara asiyoijua.

Kama safari ya kurudi ni kabla ya adhuhuri, usiku wa mwisho laleni karibu na uwanja au kituo. Utakuwa usiku mmoja uliopunguzwa kwenye ule wa kijijini, lakini mtaulala kwa utulivu badala ya kuamka 3:00 kukimbizana na barabara.

Angalia siku za wiki. Hoteli za majiji ya kibiashara mara nyingi hushuka bei Ijumaa hadi Jumapili, wafanyakazi wa maofisini wakiwa wameondoka, ilhali nyumba za kijijini hupanda bei siku hizo hizo. Majiji ya watalii huwa kinyume. Usikisie: ingiza tarehe zote mbili kwenye tovuti ya kuwekea nafasi na ulinganishe jumla.

Tahadhari: sehemu nyingi za kutembelea hufungwa siku moja katikati ya wiki. Louvre ya Paris hufungwa Jumanne, na wapo wanaogundua hilo mlangoni.

## Hatua ya 4: Pangeni siku ya kuhama kabla ya kulipia chochote

Hapa ndipo penyewe.

Hoteli nyingi hutaka mtoke kufikia 10:00 au 11:00. Nyumba nyingi hufunguliwa kwa wageni 15:00 au 16:00. Katikati kuna pengo la saa tano ambapo kundi halina mahali, na kila mtu ana begi. Mkiliacha pengo hili bila mpango, litajijaza lenyewe kwa uchovu na maneno makali.

Anza mwisho urudi nyuma. Tafuta jua linazama saa ngapi huko kijijini kwa tarehe hiyo hasa. Toa saa mbili: huo ndio muda wa mwisho wa kufika. Barabara za vijijini hazina taa, vibao havionekani, na lango mlilotumiwa picha yake mchana halitambuliki gizani.

Kisha chukua muda unaoonyeshwa na ramani na uuongeze nusu yake. Ramani ikisema saa 2, panga saa 3. Ramani haijui kwamba watu sita wanahitaji choo kwa nyakati sita, wala kwamba kutoka katikati ya jiji peke yake kunaweza kula dakika 50.

Toa tena saa moja na nusu ya chakula na manunuzi. Fanyeni manunuzi kwenye duka kubwa la pembezoni mwa jiji, mkishatoka kwenye foleni, na nunueni vitu vya mlo wa usiku na kifungua kinywa tu. Wanaonunua chakula cha siku nne kwa mara moja huishia kutupa nusu, halafu wanakosa raha ya kununua kwa wenyeji.

Mfano: jua linazama 18:30. Mwisho wa kufika ni 16:30. Safari saa 3, manunuzi na chakula saa 1:30. Kuondoka ni 12:00. Hoteli mnatoka 11:00, na saa hiyo moja ni ya kuchukua gari na kupakia. Sasa pengo limekuwa ratiba.

Gaweni kazi ya asubuhi hiyo. Wawili waende kuchukua gari. Wawili wabaki na mabegi yote mapokezini. Mwingine akague vyumba: chaja kwenye soketi, nguo nyuma ya mlango, sefu. Asiwepo mtu wa "naenda mara moja nanunua kitu".

Kama hamtumii gari, kanuni ni moja zaidi: tafuteni usafiri wa mwisho wa siku kwenda kijijini, kisha pandeni uliotangulia huo. Katika nchi nyingi mabasi ya vijijini hupungua sana Jumapili na sikukuu, na mahali pengine hakuna kabisa. Ulizeni mapema pia nani atawapokea kituoni, maana teksi huko huenda ikawa moja, na yenyewe imekwenda harusini.

Siku ya kuhama imekamilika kwenye karatasi pale mtu yeyote wa kundi, akiulizwa ghafla, anaweza kusema mnaondoka saa ngapi, nani anaendesha, na mtakula wapi.

## Hatua ya 5: Gari

Lichukueni siku ya kuondoka jijini, si siku ya kufika. Jijini gari ni mzigo: maegesho, njia za kulipia, maeneo ambayo magari fulani hayaruhusiwi kuingia.

Msiamini idadi ya viti. Kwenye magari mengi ya viti 7, safu ya nyuma ikisimamishwa, nafasi ya mizigo inabaki ya mabegi madogo mawili matatu tu. Lichukulieni kuwa gari la watu 5 na mizigo yao. Watu 7 ni magari mawili madogo au basi dogo.

Mabegi laini hujipanga. Masanduku magumu hayajipangi. Kama mtarudi jiji lilelile, ulizeni hoteli kama itawatunzia masanduku makubwa, kisha nendeni kijijini na begi dogo kila mmoja.

Kabla ya kulipa, hakikisheni mambo haya:

- Ofisi ya kukodi iko wazi siku na saa mnayoihitaji. Nyingi za katikati ya jiji hufunga mapema wikendi.
- Kuna ada ya kurudisha gari mji mwingine au hapana, na ni kiasi gani.
- Dereva wa chini ya miaka 25 anatozwa nyongeza au la.
- Kila atakayeendesha ameandikwa kwenye mkataba. Asiyeandikwa akigusa usukani, bima inaweza kukataa kulipa hata kwa mkwaruzo.
- Kiasi cha amana kitakachozuiwa kwenye kadi, ili pesa ya chakula isiwe ndiyo hiyo hiyo.
- Aina ya mafuta. Iandikeni kwenye kundi.

Ng'ambo mnaweza kuhitaji kibali cha kimataifa cha kuendesha. Kipo cha mkataba wa Geneva wa 1949, kinachodumu mwaka 1, na cha mkataba wa Vienna wa 1968, kinachoweza kufika miaka 3. Si lazima nchi ivitambue vyote viwili. Japani, kwa mfano, inatambua kile cha 1949. Hutolewa katika nchi iliyotoa leseni, kwa hiyo ukishafika umechelewa.

Mkikabidhiwa gari, pigeni video kulizunguka lote, magurudumu na kioo cha mbele pia, na kipimo cha mafuta. Dakika mbili zinatosha.

## Hatua ya 6: Malazi

Jijini, eneo ni muhimu kuliko chumba. Mtakuwa chumbani kulala tu, kwa hiyo lipieni ukaribu na kituo cha treni au njia kuu ya usafiri, hasa ule wa kuelekea kijijini. Vyumba viwe na tarehe ya kughairi bila gharama, na muiandike kwenye jedwali. Kwa kawaida muda huo huhesabiwa kwa saa za huko mnakokwenda, si za kwenu.

Kijijini ni kinyume: nyumba ndiyo likizo yenyewe. Tangazo la "hulala watu 8" huenda limehesabu makochi mawili ya sebuleni. Mwandikie mwenye nyumba uulize:

- Vitanda ni vingapi, vya ukubwa gani, na viko vyumba gani? Vyoo je?
- Kilomita za mwisho kabla ya kufika zikoje, na gari dogo linapita hata mvua ikinyesha?
- Mtandao wa simu upi unashika ndani ya nyumba?
- Maji na umeme vikikatika, kuna akiba?
- Zahanati inayofanya kazi usiku, kituo cha mafuta na duka viko umbali gani, na vinafunga saa ngapi?

Omba pini ya ramani pamoja na picha ya lango, maana anwani za vijijini hupoteza watu. Mwenye nyumba anayejibu kwa mkato kabla hajalipwa hatabadilika akishalipwa. Tafuta mwingine.

## Hatua ya 7: Pesa

Kanuni ya kwanza: bila malipo ya awali hakuna nafasi. Mweka hazina atangaze tarehe moja, iwe siku kadhaa kabla ya mwisho wa kughairi bure. Asiyelipa kufikia hapo hayumo, na idadi ya vitanda ibadilishwe siku hiyo hiyo. Msimlipie mtu kwa ahadi. Urafiki hupimwa kwa mengine.

Kanuni ya pili: gharama za pamoja na za mtu binafsi zitenganishwe kabla ya safari. Nyumba, gari, mafuta, maegesho na chakula cha kupika ni vya pamoja. Tiketi za kuingilia, zawadi na vinywaji vya baa ni vya mwenyewe. Pombe ipewe mchango wake, kwani wasiokunywa hawatasema kitu safarini lakini hawatakuja tena.

Kanuni ya tatu: nyumba igawanywe kwa kitanda, si kwa kichwa. Mpeni anayelala chumba cha watu wawili uzito wa 1, anayelala peke yake 1.5, na wa kwenye kochi 0.5. Tuseme nyumba ni 550 na mko watano: wanne wako wawili wawili, mmoja yuko peke yake. Jumla ya uzito ni 5.5. Kila mmoja wa wale wanne analipa 100, wa peke yake 150. Hakuna atakayeingia nyumbani mbio kuwahi chumba, kwa sababu chumba kimeshalipiwa.

Anayeondoka mapema hulipa sehemu yake yote ya nyumba na gari, kwa sababu kitanda chake hakikupata mpangaji mwingine. Chakula alipie siku alizokula.

Safarini, anayelipa huandika palepale: kiasi, kitu, na waliohusika. "Nitaandika jioni" huwa haiandikwi. Kadi ikiuliza kama ukatwe kwa sarafu ya kwenu au ya pale ulipo, chagua ya pale. Ya kwenu kwa kawaida huja na kiwango kibaya. Kabla ya kutoka jijini, toeni pesa taslimu za kutosha siku mbili za kijijini.

Umefanikiwa kama siku moja kabla ya kuondoka hakuna anayemdai mwenzake malipo ya awali.

## Hatua ya 8: Ratiba mbili za tabia tofauti

Jijini, kila siku iwe na kitu kimoja chenye saa na tiketi, kingine cha hiari, basi. Watu sita hawawezi kuamua mahali pa kula wakiwa na njaa, kwa hiyo mratibu achague sehemu mbili karibu na kila kituo cha siku na aweke meza mapema. Mchana mmoja kati ya siku hizo za jijini utengwe wa kutawanyika. Anayependa makumbusho aende, anayependa maduka aende, mkutane jioni. Kukaa pamoja kutwa nzima kwa siku tatu, hakuna urafiki unaofurahia hilo.

Kijijini achaneni na saa. Pangeni jambo moja tu, kama matembezi marefu au kuogelea, na liwe la asubuhi. Kinachohitaji mpango huko ni jikoni: wawili wapike, wawili wengine waoshe, zamu ibadilike kila siku, na iandikwe kwenye karatasi kando ya friji. Bila karatasi hiyo atapika yule yule kila siku, na kwa kawaida mnamjua tangu sasa.

## Hatua ya 9: Wiki ya mwisho

Pakueni ramani ya eneo lote la kijijini kwenye simu mbili tofauti na muijaribu mkiwa mmezima data. Ramani iliyopakuliwa haionyeshi foleni ya wakati huo, lakini njia itaonekana.

Ukurasa wa namba muhimu uwe na anwani zote, namba ya mwenye nyumba, bima, na namba ya dharura ya nchi mnayokwenda. Nchi zote za Umoja wa Ulaya hutumia 112. Chapeni nakala moja ya karatasi ikae garini. Mwenye mzio au dawa za kila siku amwambie angalau mtu mmoja, na dawa azibebe za kutosha hadi kurudi, kwani duka la dawa la kijijini huenda lisiwe nazo.

Mwandikie tena mwenye nyumba kumthibitishia saa ya kufika. Asipojibu kwa siku mbili, mpigie.

## Hatua ya 10: Funga hesabu

Fanyeni ndani ya siku 3 za kurudi, risiti zikiwa bado mfukoni. Msilipane kila mmoja na kila mmoja. Jumlisheni, gawanyeni, kisha walio chini wawalipe walio juu.

Tuseme A alilipa 400, B 200, C 80, D hakulipa kitu, na vyote vilikuwa vya pamoja kwa sehemu sawa. Jumla ni 680, fungu ni 170. A anadai 230, B anadai 30. C anadaiwa 90, D 170. D amtumie A 170. C amtumie A 60 na B 30. Malipo matatu, yamekwisha. Hata mkiwa wanane, hayatazidi saba.

Tarehe ya mwisho ya kulipana iwe siku 7 baada ya hesabu kutumwa, na mweka hazina aandike "imefika" mbele ya kila jina ili asiulizwe na watu watano. Jedwali lisifungwe bado: amana ya nyumba na ya gari hurudi kwenye kadi ya aliyelipa, wakati mwingine baada ya wiki mbili au zaidi. Ikirudi pungufu, aonyeshe barua ya makato kwenye kundi, na makato yaingie kwenye gharama za pamoja, isipokuwa aliyevunja kitu anajulikana na amekubali.